Maji kwa Mwanangu Aliye Japani

Kwetu, sisi tuliotoka kaskazini mwa Katanga, mtoto hasafiri mbali kabla baba yake hajachukua maji kinywani na kumpulizia kifuani. Ni jambo la dakika moja. Wanangu wengine wote waliondoka Kolwezi vifua vimelowa. Wa mwisho tu aliondoka mkavu, na kosa ni langu.

Alikuwa mchimbaji wa kobalti. Jioni alijifunza kupigana kwa ngumi na mateke katika ukumbi mmoja wa mtaani. Alipoitwa kwenda kufanya mazoezi Japani, nilimwambia kwamba katekista kama mimi hawezi kubariki kazi ya kumpiga mtu mateke usoni. Alikaa na begi magotini, akingoja nibadili mawazo. Mama yake alikuwa amekwisha kuleta kikombe cha maji. Nilikiacha mezani nikaenda kufundisha watoto wa kipaimara. Niliporudi, kikombe kilikuwa palepale, kimejaa, na vumbi jekundu la malori limetanda juu ya maji.

Huu ni mwaka wa sita. Namshukuru Mungu kwa mengi, hata kwa magoti yanayoniuma, maana bado yanapigwa. Lakini kila ninapoweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wa mwingine, hukumbuka kile kikombe.

Mwaka huu aliingia katika mashindano makubwa huko: wanaume wanane wa nchi mbalimbali, mapambano yote siku moja. Anayeshindwa anatoka. Anayeshinda anapumzika kidogo, kisha anapanda tena ulingoni. Kwao ilikuwa jioni. Sisi ndiyo kwanza tumetoka Misa ya Jumapili. Tuliketi uani, mimi na mke wangu, binti yetu ameshika simu yake. Tulimwona akishinda pambano la kwanza.

Kisha simu ikaita. Ni yeye, taulo mabegani, jicho limevimba.

"Yambo, Tata."

"Yambo, mwanangu. Jicho je?"

"Jicho haina kitu. Tata, mi nilitoka bila mayi yako. Sasa hivi bananipandisha tena. Unipatie."

Mke wangu hakungoja jibu langu. Alikuja na kikombe kilekile cha bati.

Mwanangu alisogeza taulo. Nilikiona kifua chake, kipana kuliko nilivyokiacha. Nikachukua maji, nikafanya ishara ya msalaba, nikapuliza kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Sikukumbuka kwamba kati yetu kuna kioo. Simu ikazimika.

"Tata," binti yetu akasema polepole, "mayi yote imeingia mu telefone."

"Alikuwa pale," nikajibu.

"Umeibariki vizuri," mke wangu akasema. "Sasa itaenda kupigana yenyewe."

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Kabla ya chakula cha mchana jirani alituletea habari kwamba mwanetu ameshindwa pambano la pili kwa pointi. Nilipokea. Jambo moja tu lilininyima raha: sikujua kama aliniona nikipuliza, au alidhani baba yake amemkatia simu, amemnyima mara ya pili.

Simu ililala ndani ya mchele siku mbili. Jumanne ikaamka, na sauti ya mwanangu ilikuwa imeningoja humo.

"Tata, nilikuona unapuliza, kiisha ikakuwa giza. Nikaweka mukono ku kifua. Banishinda, lakini sikuanguka. Huku basema mwenye kushindwa anarudi kwabo. Mi kontra yangu ya kazi haiyaisha. Ngoja kidogo. Ile mayi ya kweli utanipatia hapo ku nyumba."

Nimeisikiliza sauti hiyo mara nyingi. Kifua nilikiona; sijakigusa.

Mke wangu amerudi kunywea chai katika kikombe kile. Nilimwomba atumie kingine. Akaniambia, "Tata, kikombe hakingoji mutu. Ni weye unangoja." Ni kweli. Nikamwachia, na kila jioni nakiosha mwenyewe.