Upande wa Mama Gideoni

Baba Gideoni wa Makote, jina la ubatizo Bartholomayo, alikuwa mtu wa kuamini kitu kimoja kwa wakati. Enzi za chama aliamini chama. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya dawa yakazagaa Newala, akaamini rangi mbili, zile kapsuli. Zilimkaushia kidonda cha mguu, basi hatukupumua kwa mahubiri yake.

Mkewe, Mama Gideoni, alizikwa chini ya mkorosho alioupanda mwenyewe. Bartholomayo kanisani hakosi, lakini baada ya arobaini alikwenda shinani peke yake, akamwaga unga wa mtama kama babu zake, akamwomba marehemu ruhusa ya kuoa tena. Mkorosho ulipochanua, maua yakageuka meupe, kama yamepakwa unga.

"Ameurudisha unga wangu," akaniambia mimi jirani yake.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Posa akaisimamisha. Akafungua kapsuli, akakoroga kwenye ndoo, akaunywesha mti. Weupe ukazidi kupanda. Akaanza kuapa kwamba pale shinani kunanukia moshi wa jiko la mkewe. Nami, Mungu anisamehe, nikanusa kitu.

Ndipo akaja likizo binti yake Julia, mwalimu wa baiolojia, na hadubini ya shule.

"Shikamoo, baba. Nasikia unautibu mti kwa dawa ya kidonda."

"Marahaba. Iliyoua vijidudu vya mguu itashindwa na unga?"

Julia akamkwangua ndani ya shavu, akatia dawa ya bluu. "Chungulia. Seli zako hizo."

"Zina doa katikati."

"Kiini. Maagizo ya mwili wako yamefungiwa humo, kama mwenye nyumba chumbani mwake." Akaweka uchafu wa meno. "Hivi vidogo ni bakteria. Wenzao ndio walikuwa kidondani. Hawana kiini. Nyumba ya chumba kimoja, maagizo yametandazwa sakafuni. Tunawaita prokarioti."

Mwisho akaweka ule unga wa maua. Bartholomayo akachungulia, akarudi nyuma akakanyaga kuku.

"Hawa wana kiini kama mimi! Wananiangalia!"

"Ni kuvu, baba. Yukarioti, kama wewe, kama mkorosho. Rangi mbili inavuruga mitambo ya bakteria. Ya kuvu imeundwa karibu na yako, ndiyo maana dawa inampita. Huyu anataka salfa, ile poda ya njano ya mikorosho."

"Kwa hiyo ni ndugu."

"Wa mbali sana."

"Mama yako naye alikuwa ndugu wa mbali."

Salfa nilipuliza mimi, kwa mashine ya mgongoni, alfajiri, umande haujakauka. Vumbi likatanda, mti ukapotea, Bartholomayo akapotea, nikabaki nasikia sauti yake tu: "Samahani, Mama Gideoni. Funga macho." Halafu: "Mrisho, zima!"

Nikazima. Vumbi likatua taratibu, njano kila mahali, majani, kaburi, ndevu zake. Ila shinani, upande wa mashariki, palibaki udongo mtupu, upana wa mwanamke aliyekaa amenyoosha miguu. Upepo haukuwepo.

"Kakaa," akasema kwa upole. "Huo upande mwachie."

Tuliuacha. Maua ya pande nyingine yakapona, yakazaa. Ya mashariki yakabaki meupe. Bartholomayo akaridhika kwamba wamegawana, akaoa. Bibi harusi kila asubuhi hufagia chini ya mkorosho ule, na upande wa mashariki huuruka, ingawa anaapa hakuna aliyemwambia.