Njia ya Mwenye Mto

Nilipokuwa mtoto, meno yangu ya mbele yakiwa bado hayajaota upya, Leta, yaani serikali ya Wabelgiji, iliamuru kijiji chetu kishuke kutoka mlimani kikae kando ya barabara ya Kabambare. Mzungu wa pamba alitaka kutuona sote akiwa ndani ya gari lake: mashamba upande huu, nyumba upande ule. Baba yangu alikuwa kapita, mtu wa kupokea amri na kuzifikisha, kwa hiyo kazi ya kutushusha ilikuwa yake.

Mahali tulipopewa palikuwa tambarare, karibu na kijito. Sisi watoto tulifurahi kukaa karibu na malori. Bibi, mama yake baba, hakufurahi. Alisema pale ni njia ya mwenye mto, nyoka mkubwa anayelala juu kwenye chemchemi. Mvua ikizidi huamka, akashuka kwa njia yake ya zamani, wala haulizi nani amejenga.

"Mama, ile iko hadithi ya watoto," baba alimwambia.

"Mimi niliona njia yake nikiwa mutoto. Mawe na miti vililala pale. Uende umwambie Muzungu. Akikataa ni basi, lakini umwambie."

Wazee nao walimwomba hivyo hivyo. Baba akavaa koti, akapanda baiskeli, akaenda. Aliporudi alisema Mzungu amekataa. Tukashuka. Bibi peke yake alibaki mlimani. Alikuwa mzee asiyeweza tena kulima pamba, hakuna aliyemsumbua.

Nyumba zilijengwa kwa safu. Ya kwetu ilikaa mwisho, juu ya kichuguu kikubwa cha zamani ambacho baba alikisawazisha. Kapita lazima aonekane, alisema. Rafiki yangu Salima alikaa mwanzo wa safu, upande wa kijito, pamoja na mama yake na mdogo wake anayetambaa.

Msimu wa pili, msitu wa kule juu ulikatwa ili tupande pamba zaidi. Mvua zikaja nzito. Siku yenyewe mvua ilinyesha kule juu tu, kwetu jua lilikuwa limetoka, na wanawake walikuwa wameanika mihogo. Nikasikia mngurumo. Nilidhani ni lori, nikakimbilia barazani kulitazama. Yalikuwa maji, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo. Nyumba zililala moja baada ya nyingine kuanzia upande wa kijito. Mama alinishika mkono, tukapanda mlima pamoja na wote walioweza kukimbia. Nyumba yetu maji yaliishia mlangoni.

Mwili wa Salima ulipatikana jioni, katikati ya matete. Mdogo wake hakupatikana.

Wote tulikimbilia kwa bibi, maana hapakuwa na paa lingine kule juu. Baba alifika wa mwisho, matope hadi kifuani, mikono imechubuka kwa kuinua magogo. Bibi alimpa maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nimelala mkekani nyuma yake, nikasikia.

"Ulimwambia?"

"Nilifika mpaka baraza yake, mama. Nikaogopa atanicheka. Kapita muzima, anaogopa nyoka."

"Kisha ukatafuta kichuguu," bibi alisema.

Leta ilituamuru tujenge upya palepale. Safari hii baba alisema. Hakutaja nyoka, alisema maji yatarudi. Mzungu alijibu kwamba barabara haiwezi kuhama. Baba alirudi akamwendea Mama Salima, akamwambia achukue nyumba yetu. Mama Salima alimtazama vizuri, bila hasira. "Ya kazi gani sasa, kapita?" Akaenda kukaa kwa ndugu zake, kule Wamaza.

Leo nami ni bibi, ninaishi Kasongo. Sijui kama kuna nyoka chemchemini. Nadhani wazee wetu waliyaona maji yale, wakayapa jina ambalo mtoto hawezi kulisahau, na baba akaona haya kwa sababu ya jina hilo. Lakini aliliamini kiasi cha kuchagua mahali pa kulala watoto wake.

Alipougua mara ya mwisho alirudia neno moja: "Angekataa tu." Nami nilimjibu kila mara, "Ndiyo, baba, angekataa." Sikumdanganya. Najua angekataa, na tungeshuka vilevile, na maji yangekuja. Ila kama baba angekiri kwamba naye anaogopa, wazee wangejua hatari ni ya kweli, na labda mama mmoja asingemwacha mtoto anayetambaa ndani ya nyumba siku za mvua. Sisi tulijua, nyumba moja tu, na tulikuwa juu ya kichuguu. Nilikulia pale nikashiba na kulala vizuri, na mpaka leo mvua ikinyesha usingizi hunijia haraka. Hilo ndilo linaloniumiza.