Foleni ya Rambirambi

Jumamosi moja ya Kwaresima tulikusanyika asubuhi katika ukumbi wa kanisa letu hapa ughaibuni, Wheaton. Dada mmoja wa kwaya alifiwa na mama yake. Maziko yalikuwa nyumbani Tanzania, ambako ilikuwa alasiri. Dada hakuweza kusafiri, karatasi zake za uhamiaji zilikuwa hazijatoka. Alichotaka ni kimoja tu: kumwona mama yake akishushwa kaburini.

Nimeandika programu za kompyuta ofisini Rockville miaka mingi, hivyo kazi nilipewa mimi. Programu yangu ilikuwa na nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazokwenda pamoja. Uzi wa kwanza ulipokea kila kilichotumwa kutoka nyumbani: picha za video za maziko ulizipeleka moja kwa moja ukutani mwa ukumbi, salamu za rambirambi uliziweka kwenye foleni. Uzi wa pili ulitoa salamu moja moja, mzee wa kanisa akasoma. Foleni ilikuwa na nafasi ishirini. Ikijaa, uzi unaoleta husimama ukingoja. Niliipenda adabu hiyo, kwani hakuna salamu inayotupwa.

Lakini sisi hatusomi rambirambi mbiombio. Kila familia hutajwa hadi wajukuu, watu huitikia "Amina", kwaya hutia ubeti.

Jeneza lilipofika ukingoni mwa kaburi, picha ikaganda.

"Mzee wetu, kompyuta nayo imefunga Kwaresima?" Mkenya mmoja akanitania. Wengine wakacheka. Dada hakucheka.

"Baba, wameshamshusha?"

"Subiri, mwanangu. Ni mtandao wa huko."

Nilisema hivyo kabla ya kujua. Nikasali moyoni, nikangoja. Ndipo nilipoona foleni imejaa. Uzi wa kwanza umesimama na salamu ya ishirini na moja, picha zote zikiwa nyuma yake. Haungesogea mpaka mzee amalize ukoo mzima wa watu wa Moshi.

Nikaenda mbele, nikabonyeza kitufe cha kuruka salamu mara nyingi. Salamu zikapita bila kusomwa.

"Ah! Umewaruka wakwe zangu!" mtu akalalamika.

Picha ikarudi. Jeneza halikuonekana tena. Watu walikuwa wakitupia udongo.

"Yule mdogo wangu," dada akasema akinyoosha kidole, akasimama karibu kabisa na ukuta mpaka kaburi likajaa.

Namshukuru Mungu kwa udongo ule aliouona. Salamu zilizorukwa tulizisoma zote baadaye. Dada alinishika mikono yote miwili, akanishukuru, akaulaumu mtandao. Nikaenda kukunja nyaya. Jumapili tatu zimepita, na kila anaponijia mlangoni pa kanisa nasema leo nitamwambia.