Kumhadithia Mdogo Wangu Sinema

Mwaka ule macho ya mdogo wangu yalikuwa yamekwisha kabisa, na hamu yake ilikuwa moja: ile sinema ya kuchekesha ya majasusi tuliyoiangalia Unguja, miaka ya sitini mwishoni. Mjukuu wangu akasikia itaonyeshwa mtaa wa Oud Metha, huku Arabuni tunakoishi, kwenye ukumbi mdogo wa wapenda sinema za zamani. Tukaenda.

Unguja, onyesho la wanawake halikuwa na kimya. Aliyejua Kiingereza alihadithia kwa sauti, sote tukafaidi. Mimi kusoma sikusoma, lakini kutazama najua. Humo ukumbini nikafanya yale yale.

Kwanza wakaweka sinema fupi ya majaribio ya kisanaa, ya miaka ile ile.

"Kuna nini?" akauliza mdogo wangu.

"Ukuta."

"Na sasa?"

"Ukuta. Taa imewaka."

"Nani kaiwasha?"

"Hapana mtu. Imezimika tena."

"Ebo! Watu wametoka majumbani kwao kuja kutazama ukuta?"

Vichwa vikatugeukia. Mlinzi, mwanamke wa Kenya, akaja akachutama kando yangu. "Mama, pole, lakini sir, mwenye ukumbi, amesema mnyamaze ama mtoke."

"Mwambie sir wako huyu haoni. Nikinyamaza mimi, sinema yake imekwisha. Anayetaka tutoke aje atubebe."

Mjukuu wangu akanivuta buibui. "Bibi, unaniaibisha."

"Aibika."

Hakuja mtu kutubeba. Mlinzi naye akabaki pale pale.

Ikaanza yetu. Jasusi kajificha ndani ya piano, mwanamke kaja kuipiga, jasusi katoka, kambusu. Sasa, yule aliyetuhadithia zamani alikuwa mtu wa heshima: kila aliyebusiwa alimwita mke. Nami nikafuata.

"Anambusu mkewe."

Punde kambusu mwingine. "Na huyu?"

"Mkewe pia."

Akaja wa tatu, juu ya paa.

"Kaoa tena," nikasema.

"Saa ngapi? Si anakimbizwa?"

Mlinzi akaangua kicheko. "Mama, huyo hajaoa hata mmoja!"

"Nyamaza," nikamwambia, "watu wanatazama sinema."

Mdogo wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Taa zilipowashwa, sir alikuwa mlangoni anatungoja. Akasema Kiingereza chake, mjukuu wangu akanifasiria huku anatazama chini: tusirudi tena.

"Muulize," nikamwambia, "Ijumaa ijayo anaonyesha nini? Safari hii tutakaa mbele."