Popo wa Nyumba ya Mjane

Baba alifariki miaka michache baada ya uhuru, na kabla nyasi hazijaota vizuri juu ya kaburi lake, upepo wa ziwani ulinyanyua bati moja kwenye pembe ya nyumba yetu. Misumari iling'oka, basi. Ilikuwa kazi ndogo kwa mwanamume mwenye nyundo, na boma letu, upande wa Nyamasaria, lilijaa wanaume wenye nyundo. Hakuna hata mmoja aliyekuja.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Kwetu Wajaluo, paa la mjane haliguswi mpaka mjane arithiwe na ndugu wa marehemu, na huyo mrithi alale humo kwanza. Mwanamume mwingine akithubutu kupigilia msumari, chira itamshika, ile laana inayomkausha mtu mpaka abaki mifupa. Mama alikuwa amekataa kurithiwa. Alisema yeye ana mume mmoja, na mume huyo yuko kaburini, na habari ikaishia hapo. Lakini haikuishia hapo kwa baba mdogo, ambaye ndiye aliyepaswa kumrithi. Mtu yule alikuwa na wake wawili na uvivu wa watu wanne, na kila Jumapili alikuja kuketi mbele ya nyumba yetu, akaangalia bati likipigapiga.

"Mimi sina haraka, shemeji," alimwambia mama. "Hii paa ndio iko na haraka."

Mama alimtafuta fundi wa mjini, Mwislamu asiyehusika na mila zetu. Wanaume wa boma walimpokea langoni, wakaongea naye kwa upole kabisa, na fundi akarudi Kisumu na nyundo yake.

Basi popo wakaingia. Walikuwa wadogo, wa rangi ya vumbi, wenye mkia uliochomoza kama wa panya. Walikaa kati ya mabati na dari letu la matete. Mchana mabati yalipowaka moto, wao ndipo walipojisikia nyumbani, wakajibana na kugombana kwa sauti nyembamba. Jua likizama walitoka kwenye pembe ile mmoja baada ya mwingine, wakijiangusha kwanza ndipo washike hewa, maana popo wa namna ile hawezi kuinuka vizuri kutoka chini kama njiwa. Zile siku ambazo visubi vya ziwani huinuka juu ya maji kama moshi, walishiba mpaka mavi yao, yenye vipande vya mbawa vinavyometameta, yakachuruzika kupitia matete hadi kwenye sufuria. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walimaliza miezi.

Kina mama wa kanisa, waliokuwa wakisali kwetu kila Alhamisi, waliacha kuja. "Mama, tutakuombea tukiwa kanisani," mmoja alisema, macho yake yakiwa darini. Ilinenwa kwamba popo wale wametumwa na baba. Niliamini. Nililala nikisikia kucha zao zikikwaruza juu ya kichwa changu, nikamkasirikia baba kwa kufa na kwa kutotulia huko alikoenda.

Asubuhi moja nikifagia nilikuta kitoto cha popo sakafuni, uchi, chekundu, kifupi kuliko kidole gumba. Nilitaka kuwatupia kuku. Mama alinipokonya ufagio, akakiokota kwa kitambaa, akakining'iniza ukutani chini ya lile pengo. Jioni, popo mmoja alitambaa ukutani kichwa chini, akaita. Kitoto kikaitika. Akakinusa, kikamng'ang'ania kifuani, naye akapanda nacho taratibu mpaka akapotea ndani.

"Wako wengi huko, na bado anajua sauti ya wake," mama alisema. Tangu siku hiyo alitoka kuwatazama kila jioni, na ndiye aliyegundua kwamba huzaa kitoto kimoja kimoja, na kwamba wakienda kuwinda huviacha vitoto darini, vimekumbatiana katika fungu moja.

Mawingu ya mvua yalipoanza kurundikana upande wa ziwa, mama alifanya jambo ambalo mwanamke kwetu hafanyi. Alisubiri popo watoke, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda na misumari mdomoni. Mimi nilishika ngazi. Alinyanyua nyundo. Halafu akatega sikio kwenye pengo, akakaa hivyo mpaka mikono yangu ikafa ganzi, akashuka.

"Watoto wamejaa," alisema. "Wacha waote mbawa kwanza. Hazitachukua muda."

Mvua ilichukua muda mfupi zaidi. Ilipiga mfululizo, ikaingia kwa pengo lile, ikalowanisha kitanda kimoja na kingine, mpaka sote tukawa tunalala karibu na jiko. Ndugu yangu mchanga alishikwa na kifua. Alipoanza kupumua kwa mkoromo, mbavu zikiingia ndani, mama alimfunga mgongoni akampeleka hospitali. Waliporudi, daktari alikuwa amesema neno moja tu la maana: mtoto huyu asilale tena penye unyevu. Nilimwona mama akiangalia dari. Kisha alinituma nikamwite baba mdogo.

Alikuja jioni ile ile, amevaa shati safi, amejipaka mafuta. Tulihamishiwa kwa nyanya. Kesho yake, jua likizama, alipanda ngazi, popo wa mwisho alipokwisha kutoka.

"Shemeji, ngoja kidogo," mama alisema kutoka chini. "Watoto wao wako ndani. Weka gunia tu hapo kwa pengo kuzuia mvua. Wiki chache tu."

"Watu wote wanaona hii paa," alijibu. "Unataka waseme mimi pia nimeshindwa?" Akapigilia. Alipiga misumari mingi kuliko iliyohitajika, na wanaume wa boma walikuja na nyundo zao, sasa ambapo hapakuwa tena na haja, wakamsifu.

Usiku huo tulirudi kulala kwetu. Alfajiri popo walirudi. Walizunguka pembe ile, wakatua ukutani, wakatambaa juu ya bati lililopigiliwa kutafuta mlango, wakaita. Darini vitoto viliitika vyote kwa pamoja. Nilimchukia mtu yule kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote, na nilimchukia zaidi kwa sababu nyumba ilikuwa kavu na ndugu yangu alikuwa anapumua vizuri.

Baba mdogo aliketi kwenye kiti cha baba, akaomba chai. Mama akammiminia. Sauti zilikuwa juu yetu, juu ya meza, juu ya mkate.

"Zitanyamaza zenyewe," baba mdogo alisema, akapuliza chai.

"Najua," mama akajibu, akaketi mahali alipoonyeshwa.