Valérie na Sifuri za Pinga

Watu wa ofisini kwetu Mweso wakitaka kumsema Valérie Umurerwa vibaya, husema ana kichwa kigumu. Mimi Emérita, mwandishi wa ofisi hiyohiyo, nimekaa naye meza moja miaka mitano, na nasema ni kigumu kweli, na Mungu ashukuriwe.

Alizaliwa kwenye kilima cha juu ya mji huu, binti wa Mzee Mbonigaba, mkulima wa viazi na maharage. Shule ya msingi mwalimu alimwandika Umulerwa. Kila asubuhi jina hilo liliposomwa, Valérie alinyamaza. Wiki mbili nzima alihesabiwa hayupo huku amekaa mstari wa mbele, mpaka mwalimu akachoka, akafuta herufi. Baadaye alikwenda Goma kusoma informatique, mambo ya kompyuta. Wenzake walibaki mjini, yeye akarudi. Alisema viazi vya Goma havina ladha, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kazi yake ni takwimu za wagonjwa. Shirika letu la afya hupokea kila wiki faili kutoka vituo kumi na viwili vya Masisi na Walikale. Programu moja huziunganisha, na ndani yake kuna kitu kinachoitwa plan d'exécution. Sisi tunasema plan tu. Ni mpangilio wa kazi: ipi ianze, ipi isubiri nyingine imalize, na ikikwama ifanyike nini. Kazi ya kwanza inakusanya faili, ya pili inazisafisha, ya tatu inajumlisha, ya nne inatuma jedwali Goma. Valérie alinieleza kwa maharage: hutii mafuta na kitunguu kabla hayajaiva.

Plan yenyewe iliwekwa na mtaalamu aliyekuja siku tatu, akaenda zake. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi inaanza yenyewe. Saa tatu wakubwa wanakutana Goma, wanatazama jedwali, wanaamua chanjo ziende wapi. Na kituo ambacho faili yake haijafika, yule bwana aliamuru kiandikiwe sifuri, kazi iendelee.

Sasa, nani asiyeijua Pinga, kituo chetu cha Walikale? Mvua ikinyesha, mtandao unakatika. Muuguzi wa kule, Akilimali, huweka faili kwenye clé USB, kile kijiti cha kuhifadhia, na kumpa motard, dereva wa pikipiki, na motard hufika kwetu Jumatatu saa nne au saa tano, tope hadi magotini. Saa hizo jedwali limeshaondoka, na faili iliyochelewa haina tena wa kuiuliza hali. Wiki tatu mfululizo Pinga ilikuwa na sifuri: sifuri ya surua, ile tunayoiita rougeole, sifuri ya vifo. Ungedhani ni mahali ambapo watoto hawaumwi hata mafua.

Jumatatu ya tatu, pamoja na clé ilikuja karatasi. Valérie alinisomea kwa sauti: «Dada Valérie, batoto ba rougeole bamefika makumi ine na moja. Bane bamekufa. Tuliomba chanjo mara tatu. Goma banasema Pinga hakuna bagonjwa. Nani anabaambia vile?»

Wagonjwa arobaini na mmoja, wanne wamekufa. Akaikunja ile karatasi.

«Ni siye,» akasema. «Siye njo tunabaambia vile.»

Akainuka kwenda kwa mkuu wetu, Papa Damien. Nilimfuata hadi mlangoni. Ni umbea, nakiri.

«Chef, Pinga haiko zéro. Pinga iko bado.»

«Bado ni nini?»

«Bado ni bado. Faili haiyafika. Zéro ni kusema tulihesabu, hatukukuta mutoto mugonjwa. Ile programu inasema uongo, na jina yetu iko pale chini.»

Papa Damien si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa jedwali lenye tundu, basi. Tundu linamnyima usingizi kuliko mgonjwa.

«Tableau inapaswa kuwa complète, mama. Mambo ya Pinga nitaiweka mu rapport ya mwisho wa mwezi. Na ile plan, usiiguse. Unasikia?»

«Nasikia, Papa.»

Kusikia alisikia. Kutii hakuahidi.

Aliibadilisha siku ya pili yake, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, na kila hatua alinionyesha. Kazi ya kujumlisha isianze kwa kutazama saa, ianze faili zote kumi na mbili zikifika. Zisipofika hadi saa tatu kasoro robo, jedwali liondoke hivyohivyo, ila penye faili iliyokosekana pasiandikwe namba, paandikwe neno moja: BADO. Na pale programu inapouliza nani aliyebadilisha, mahali ambapo wengi huacha patupu, aliandika jina lake lote.

«Batakufukuza,» nikamwambia.

«Banifukuze. Lakini ile zéro sitaituma tena.»

Jumatatu ilinyesha tangu alfajiri na motard hakutokea. Saa tatu kasoro robo jedwali likaondoka. Haikupita nusu saa, Papa Damien akatoka ofisini kwake na simu mkononi, spika imefunguliwa sote tunasikia, jasho linamtiririka. Aliyekuwa akizungumza ni mama anayeongoza ule mkutano wa Goma.

«Pinga bado? Bado nini?»

Papa Damien alikuwa ameshafungua mdomo kuomba radhi. Valérie hakungoja ruhusa. Alisogea akaiinamia simu.

«Bado kufika, Mama. Wiki ya ine sasa. Zile zéro zote za nyuma ni uongo, naomba muzifute. Niko na karatasi ya muuguzi hapa. Batoto makumi ine na moja, bane bamekufa, na iyo ni ya wiki yenye ilipita.»

Yule mama wa Goma akauliza:

«Nani aligusa plan?»

«Njo miye. Valérie Umurerwa. Jina iko ndani.»

Alhamisi chanjo zilipita Mweso kwenye pikipiki nne, ndani ya masanduku ya barafu, zikielekea Pinga. Ijumaa Valérie akapewa barua: amesimamishwa mwezi mmoja kwa kugusa alichokatazwa. Nilikasirika hadi chakula kikanishinda. Aliyesema kweli anarudishwa nyumbani, na sisi tuliotuma sifuri tumekalia viti vyetu! Yeye alitia sahihi, akachukua mkoba, akaenda kwenye viazi vya baba yake.

Jumamosi hiyo Papa Damien aliniita, sauti chini.

«Emérita, weye unakaa naye. Rudisha plan vile ilikuwa.»

«Sijue, Papa.»

Nilikuwa najua kila kitufe.

«Hata kidogo?»

«Sijue,» nikarudia, nikimkazia macho. Akageuka kutazama dirisha. Plan ikabaki.

Jumatatu ya wiki ya nne ya adhabu yake, faili ya Pinga iliingia saa mbili asubuhi. Motard alikuwa amesikia kwamba siku hizi inangojewa, akaondoka Jumapili. Nilipouona mstari wa Pinga sikumuaga mtu. Nilipanda kilima kwa miguu, viatu mkononi. Valérie alikuwa shambani anachimba viazi.

«Rougeole?» akauliza, hata salamu hakuna.

«Babili.»

«Na benye bamekufa?»

«Zéro.»

Akatupa jembe chini, akanitolea macho. «Nani aliandika iyo zéro? Programu?»

«Apana. Akilimali. Alituma na karatasi, aliandika kwa mukono yake, akatia signature.»

«Basi iyo naikubali,» akasema. Akaketi palepale kwenye udongo, akajifunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti. Miaka mitano nilikuwa sijapata kumwona akilia.