Vipepeo wa Bi Rehema

Nina wivu leo, na sifichi.

Maua ya kuvuta vipepeo nimeyafuata mimi mpaka Muheza. Nimepanda, nimemwagilia, nimewaahidi wanangu watawaona vipepeo hapa hapa Makorora.

Hajatua hata mmoja!

Leo nawatafuta watoto, kumbe wako kwa jirani, Bi Rehema. Mama wa watu hajapanda hata ua moja. Ana mndimu tu uliogusana na ukuta wetu, na vipepeo wamejaa utadhani pana harusi.

Nikaingia, uso nimeukunja.

"Shikamoo, Bi Rehema. Umewapa nini vipepeo hawa?"

"Marahaba, mwanangu. Mie sijawapa kitu. Si wale viwavi wako? Wamekula majani ya mndimu wangu, nikawaacha, wamegeuka vipepeo."

Nikautazama ukuta wetu.

Kila asubuhi nikifagia uwanja, nawatoa viwavi kwenye mndimu wangu mwenyewe, ulio upande wetu, nawarusha ng'ambo ya ukuta. (Nilidhani hanioni, jamani.)

Binti yangu akanivuta kanga: "Mama, kesho uwarushe tena!"

Semeni nyie: vipepeo wale si wangu?